Chandarua hakipimwi kwa kidole

Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma hili. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.

Juma lililopita nilitumwa Kariakoo. Aliyenituma ni dada yangu, ambaye binti yake amepanga vyumba viwili Ilala, na mwezi uliopita amejifungua mtoto wa kike. "Kaka," dada aliniambia, "sasa wewe ni babu. Babu haendi kumtazama mjukuu mikono mitupu. Mpelekee chandarua, maana mbu wa kule wanabeba watu." Amri ya dada haijadiliwi. Nikashuka kwenye daladala Msimbazi, nikaingia mitaani.

Wanaolijua soko lile wanajua kwamba Kariakoo hutafuti kitu. Kitu ndicho kinachokutafuta. Sijamaliza kuvuka Mtaa wa Mkunguni, vijana watatu wamekwisha kunizunguka. "Shikamoo mzee." "Marahaba, wanangu." "Unatafuta nini leo, mzee wetu?" Nikakosea nikasema. Mara zikafunguliwa mbele yangu pakiti za kila namna: vyandarua vya duara, vya pembe nne, vyeupe, vya buluu, vya waridi vyenye marinda kama gauni la bibi harusi, na vile vidogo vya watoto vinavyofunguka kama mwavuli.

Pembeni yangu alikuwapo mama mmoja wa makamo, naye ananunua. Hakuwa na haraka. Alishika kitambaa kwa vidole viwili akakivuta huku na huku. Akakiinua juani akatazama matundu. Akakisugua shavuni. Akakinusa. Kisha akamwambia kijana, "Mwanangu, hiki nyuzi zake nyepesi, kitachanika hata Ramadhani haijafika." Nikajisemea moyoni, huyu anajua kununua, ngoja nijifunze.

Nami nikauliza swali langu, ambalo niliona ni dogo. "Kina dawa?"

Kijana wa kwanza akacheka. "Mzee, hiki chenyewe ni dawa. Mbu atapita wapi hapa?" Wa pili, ambaye naona ana akili zaidi ya biashara, akasema, "Changu kina dawa, mzee. Nusa." Nikanusa. Kilinuka nailoni mpya. "Dawa gani?" "Ile ile ya mbu." "Iliwekwa lini?" Akaitazama pakiti, nami nikaitazama. Ilikuwa na picha ya mama wa Kizungu amelala anatabasamu, na maandishi ya lugha ambayo sote wawili hatukuijua. Hapo yule mama akanigeukia akasema, "Baba, dawa utaijua usiku. Ukisikia mbu wanalia, ujue humo hamna kitu."

Ndugu msikilizaji, maneno hayo ya yule mama ndiyo yaliyoniletea mazungumzo ya leo. Kwa maana ndivyo wengi wetu tunavyoamini, na kwa jiji letu hili si kweli.

Mbu anayetupigia zeze masikioni usiku kucha Ilala, Kariakoo, Buguruni na Magomeni, mara nyingi sana siye mbu wa malaria. Ni mbu aitwaye kuleksi, anayezaliana katika maji machafu: vyoo vya shimo vilivyojaa maji, makaro, mitaro iliyoziba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walizunguka Dar es Salaam wakichunguza mazalio ya mbu huyu. Kisha wakajaribu kumwaga vyooni punje nyeupe za plastiki nyepesi, zinazofanana na zile zinazokuja ndani ya maboksi ya televisheni, ili zielee juu ya maji na kumnyima kiluwiluwi hewa. Habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 1995. Sisemi kwamba kuleksi ni mbu mwema. Ndiye anayetuambukiza matende na mabusha hapa Pwani. Lakini malaria haambukizi. Malaria inaletwa na anofelesi, ambaye hupenda zaidi maji yaliyo wazi juani: madimbwi, mashimo ya wajenzi, matuta ya mchicha mabondeni. Katikati ya jiji huyu ni mchache. Kati ya mbu mia wanaoimba chumbani mwako huenda asiwemo, au akawemo mmoja tu, na huyo mmoja ndiye wa kuogopwa.

Sasa, kuleksi wa miji yetu ya Pwani ni sugu kwa dawa za jamii ile ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwekwa kwenye vyandarua. Anaigusa, anayumba kidogo, anaondoka na kuendelea na wimbo wake. Ndiyo maana katika miaka ile ya kuchovya, mtu alichukua chandarua chake, akakiloweka katika beseni la dawa kama alivyoelekezwa, akakianika kivulini, akalala. Asubuhi akaja juu: "Dawa yenu ya bandia, mbu wamelia mpaka adhana ya alfajiri." Masikini, alikuwa akiwasikiliza mbu wasiohusika. Anofelesi aliyegusa kitambaa kile akaanguka sakafuni hakupiga kelele, na alfajiri alifagiliwa pamoja na vumbi.

Basi kidole kitakuambia kama uzi ni imara, na hilo si jambo dogo. Pua inaweza kukuambia kwamba kitu ni kipya. Sikio litakuambia habari za choo cha jirani. Lakini kama chandarua kitamkinga mjukuu wangu na malaria, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kusema.

Wanaoweza kusema ni watu wengine, na wengi wao wamefanya kazi hiyo hapa hapa nchini. Nawaomba tutoke mjini kidogo twende Muheza, mkoani Tanga. Huko, katika miaka ya 1980, wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na wenzao wa chuo cha tiba ya magonjwa ya nchi za joto cha London, akiwamo marehemu Chris Curtis na mwenzake Jo Lines, walikuwa wakipima vyandarua katika vibanda vya majaribio.

Kibanda cha namna hiyo ukikiona kwa mbali utasema ni nyumba ya mtu. Ukisogea utaona vituko. Chini kimezungukwa na mfereji wa maji, ili sisimizi wasipande kula maiti za mbu kabla hazijahesabiwa. Madirisha na baraza zake zimetegwa, ili mbu anayetaka kutoka anaswe. Ndani analala mtu mzima, aliyekubali kwa hiari yake, juu ya kitanda chenye chandarua. Na chandarua chenyewe kimetobolewa kwa makusudi! Utaratibu uliokuja kukubalika duniani ni matundu 6, kila moja sentimita 4 kwa 4: mawili kila ubavu, moja kichwani, moja miguuni.

Utauliza, huo si ukatili? Wala. Chandarua kipya kisicho na tundu, kikichomekwa vizuri chini ya godoro, kinazuia mbu hata bila dawa. Kinachotaka kupimwa ni kile cha mwaka wa pili, ambacho mtoto amekivuta, panya amekionja, na msumari wa kitanda umekirarua. Hicho ndicho tulicho nacho majumbani. Asubuhi wanaingia watu na mirija ya kunyonyea, wanaokota mbu mmoja mmoja, wanawagawa: waliokufa na walio hai, walioshiba damu na wenye njaa. Hesabu hiyo inalinganishwa na ya kibanda cha jirani ambako chandarua hakina dawa. Matokeo ya Muheza yalichapishwa mwaka 1987, na yalionyesha kwamba chandarua chenye dawa iitwayo permetrini, hata kikiwa na matundu, kinawapunguzia mbu wa malaria nafasi ya kuuma na kinawaua. Kitambaa kilikuwa ukuta. Sasa kimekuwa mtego, na chambo ni wewe uliyelala ndani.

Kipo kipimo kingine, cha mezani. Mbu jike 5, ambao hawajala damu, wanafungiwa juu ya kipande cha chandarua ndani ya kikombe cha plastiki chenye umbo la pia. Wanaachwa hapo dakika 3 tu. Wanatolewa, wanapewa maji ya sukari. Baada ya dakika 60 wanahesabiwa walioanguka, baada ya saa 24 wanahesabiwa waliokufa. Jambo hilo hurudiwa na mbu wengi. Ili kitambaa kifuzu, katika kila mbu 100 wawe wameanguka 95, au wawe wamekufa 80. Na kwa vyandarua vinavyosemwa kwamba dawa yake inadumu, kitambaa hicho kimekwisha kufuliwa kwa sabuni mara 20 kabla ya kuletwa mezani. Mara 20! Yule mama wa Kariakoo angekipenda kipimo hiki.

Lakini kuua mbu ni jambo moja, na kuokoa mtoto ni jambo jingine. Huenda mbu wengi wakafa, na hata hivyo waliobaki wakatosha kutuambukiza. Basi ilibidi siku moja mtu ahesabu watoto.

Nchini Gambia walihesabu. Mwaka 1991 ilitangazwa kwamba katika vijiji vilivyochovya vyandarua vyao, vifo vya watoto wadogo vilikuwa pungufu kwa asilimia 63. Wengi hawakuamini, walisema hesabu hii ni tamu mno. Yakafuata majaribio makubwa, safari hii kwa kupiga kura ya vijiji, nani aanze na nani asubiri. Ghana vifo vilipungua kwa asilimia 17. Hapa kwa jirani zetu Kilifi, pwani ya Kenya, mwaka 1996 iliripotiwa kwamba vilipungua kwa asilimia 33, na watoto waliolazwa hospitali kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44.

Hapa nataka nikae kidogo. Niliposoma habari za kupiga kura nilijiuliza, mimi ningekuwa baba katika kijiji kilichoambiwa kisubiri, ningesemaje? Mtoto wangu awe wa kulinganishia? Swali hili halina jibu jepesi, na wataalamu wenyewe wamelijadili sana. Jibu lao ni kwamba wakati ule hakuna aliyejua kwa yakini, na kwamba kugawa kitu nchi nzima kwa kukisia tu nako kuna watoto wake wanaokufa. Nakubali, ila nakubali kwa shingo upande. Tunapozitaja asilimia hizi ni vizuri tukumbuke kwamba kila moja ina makaburi madogo pande zote mbili za kura.

Hapa kwetu Bagamoyo, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, wataalamu wa Muhimbili, akina Zul Premji na Japhet Minjas, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, walifuatilia watoto wa vijijini waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa na kuona kwamba ugonjwa ulipungua. Lakini habari ninayoipenda mimi ni ya Kilombero na Ulanga. Kule Ifakara kipo kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1957 na Mswisi Rudolf Geigy, ambacho leo ndicho Taasisi ya Afya ya Ifakara. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 watu wa kituo hicho hawakutaka tena kumnyima mtu. Walitengeneza chandarua na dawa, wakaviita Zuia Mbu, wakaviingiza katika maduka ya vijijini viuzwe kwa bei ambayo mkulima anaweza kuimudu. Wakati huo huo, wapita nyumba kwa nyumba walikuwa wakizunguka kila miezi minne wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa.

Jibu lilitoka mwaka 2001. Kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4, waliokuwa na vyandarua vyenye dawa uwezekano wao wa kuishi ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 27. Kwa wale wa chini ya miaka 2, chandarua chenye dawa kiliwapunguzia vimelea kwa asilimia 62 na upungufu wa damu kwa asilimia 63. Na haya hayakutoka katika maabara. Yalitoka kwa akina mama walionunua dukani, wakachovya wenyewe, wakachomeka wenyewe. Wengi wao walikuwa wamelelewa kuamini kwamba degedege ni jambo la mganga na kwamba sindano humuua mwenye degedege.  

Ubaya wa kuchovya ulikuwa mmoja: ilitakiwa kurudiwa, kwa kawaida kila baada ya miezi sita, nasi tulisahau. Ndipo vikaja vyandarua ambavyo dawa iko ndani ya uzi au imegandishwa juu yake kiwandani. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kuvitengeneza kwa ufundi wa kampuni ya Sumitomo ya Japani, cha kwanza katika Afrika. Mwaka 2004 ikaanza Hati Punguzo, ile karatasi ambayo mjamzito alipewa kliniki akaenda nayo dukani. Hapo baadaye alikuwa akiongeza shilingi 500 tu akapata chandarua. Ikafuata ile kampeni ya watoto chini ya miaka mitano, kisha ya kila sehemu ya kulala, 2010 na 2011. Tafiti za kitaifa zilikuta vimelea kwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2008, na kwa asilimia 7 mwaka 2017.

Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 8. Yaani tulishuka mlima vizuri, halafu tukakaa kwenye jiwe.

Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni kwamba anofelesi naye amekwenda shule. Kwa miaka mingi vyandarua karibu vyote vilitumia dawa za jamii moja, na mbu aliyeweza kuzistahimili ndiye aliyebaki kuzaa. Wilayani Muleba, mkoani Kagera, walijaribu vyandarua vilivyochanganywa na kitu cha kumvunja mbu nguvu anayotumia kuikabili sumu. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba, ukilinganisha na vyandarua vya kawaida, maambukizo kwa watoto yalikuwa pungufu kwa asilimia 44 mwaka wa kwanza na 33 mwaka wa pili.

Kisha wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, wataalamu wa NIMR Mwanza na chuo cha tiba cha KCMC Moshi, pamoja na wenzao wa nje, waliweka vyandarua vya aina nne mashindanoni. Miaka miwili baada ya kugawa, katika vijiji vilivyopewa vyandarua vya aina ya zamani, watoto 46 katika 100 walikuwa na vimelea. Katika vijiji vilivyopewa vile vilivyoongezwa dawa mpya iitwayo klofenapiri walikuwa 26. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2022, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipitisha vyandarua hivyo. Wilaya ya wavuvi na wakulima wa mpunga kando ya ziwa imebadili ushauri wa dunia nzima. Kwa maoni yangu habari hii ilistahili kelele kubwa zaidi ya ile tunayoipigia mechi ya watani wa jadi.

Na kuna jambo la ajabu katika dawa hiyo mpya. Ukiipima kwa kile kipimo cha mezani cha dakika 3, mbu wanaweza kutoka wazima, nawe ukasema haifai. Dawa hii yenyewe si kali mpaka mwili wa mbu uigeuze, na mwili huo hufanya kazi hiyo vizuri mbu anapokuwa macho usiku, anaruka na kutafuta damu. Hata kufa kwake huchelewa, mpaka hesabu ifanyike baada ya saa 72. Kwa hiyo ilibidi wataalamu waache kukitegemea kipimo chao cha miaka mingi, wamtafutie mbu usiku mzima wa kuruka. Hata wao, kwa namna yao, walikuwa wamepima kwa kidole.

Sasa turudi Kariakoo, maana nimemwacha yule kijana na pakiti mkononi.

Vibanda vya Muheza, watu waliolala humo, watoto waliotobolewa vidole Misungwi, wapita nyumba kwa nyumba wa Kilombero, yote hayo yamefanyika kwa zaidi ya miaka 30. Lakini majibu yake hayajafika kwenye meza ile ya mtaani. Pale hapana kitu kinachomtenganishia mnunuzi chandarua chenye dawa na chandarua cha urembo. Vyote vinaning'inia kamba moja, na cha urembo ndicho kinachopendeza. Sina ugomvi na urembo. Chandarua kisicho na dawa lakini kizima ni afadhali kuliko kulala wazi. Ugomvi wangu ni kwamba mtu ananunua kimoja akidhani amenunua kingine.

Wapo watakaoniambia, mzee unatisha watu bure, Dar es Salaam malaria imepungua, tafiti zenyewe zinaikuta na vimelea kidogo kuliko mikoa mingi. Ni kweli. Tena nitaongeza kwamba mjini chandarua peke yake hakitoshi, kwa maana wachunguzi wa mwaka 2007 walieleza kwamba anofelesi wa jiji hili ana tabia ya kuuma nje kuliko ndani, wakati sisi tupo barazani tunacheza bao. Ndiyo maana tangu miaka ya 2000 jiji limekuwa na mpango wa kuwanyunyizia viluwiluwi dawa katika madimbwi. Lakini nani amesema Kariakoo ni soko la Dar es Salaam peke yake? Saa ile nilipokuwa pale, kijana mwingine alikuwa akifunga bando la vyandarua kwa kamba ya katani. Nilimwuliza yanakwenda wapi. Alisema, "Masasi, mzee. Basi linaondoka alfajiri." Huko Masasi mbu wa malaria si mmoja katika mia.

Ninachoomba si kikubwa. Kila chandarua kinachouzwa kiwe na maneno ya Kiswahili, makubwa, yanayosomeka bila miwani: KINA DAWA au HAKINA DAWA. Kama kina dawa, iandikwe ni ya aina gani na kimetengenezwa mwaka gani. La pili, watu wanaohusika wavue koti la kazi, waende Kariakoo wakanunue kama sisi, vyandarua kumi huku na kumi kule, wavipeleke kwa mbu. Maabara tunazo: Muheza, Moshi, Ifakara, Bagamoyo. Shirika la Viwango, TBS, lipo Ubungo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyochukua kazi za ile taasisi ya viuatilifu ya Arusha baada ya sheria ya mwaka 2020, ipo. Kisha wanachokiona watusomee redioni, hata kama ni kwa dakika tano, tujue bidhaa gani imefuzu na gani imeanguka.

Wafanyabiashara nao wasinielewe vibaya. Yule kijana hakunidanganya kwa kukusudia. Naye ameuziwa hivyo hivyo na aliyemtangulia.

Siku ile nilitoka Kariakoo bila chandarua, nikaenda Ilala mikono mitupu kama nilivyokatazwa. Mpwa wangu alinikaribisha, akanipa mtoto nimpakate. Nikamweleza aibu yangu. Akacheka. "Mjomba, mbona chandarua nilipewa kliniki, siku ya kwanza nilipokwenda na mimba?" Kiko wapi? Akainua pembe ya godoro. Kilikuwa pale, ndani ya mfuko wake, hakijafunguliwa. "Kigumu mjomba, tena kinanuka dawa. Wageni wanakuja kumtazama mtoto, wakute kitu kama kile?"

Nikausoma mfuko. Ulikuwa umeandikwa kila kitu: dawa, mwaka, namna ya kufua. Nikatoka kwenda duka la pembeni nikanunua misumari minne na kamba. Chandarua tukakitandaza kivulini uani siku nzima, kama inavyoshauriwa kwa kipya, ili ile harufu ipungue. Jioni mume wake akapanda juu ya stuli akakifunga, mimi nikiwa msimamizi.

Asubuhi simu ililia mapema. "Mjomba, shikamoo. Hiki chandarua chenu hakina lolote. Mbu wamelia usiku kucha."

"Marahaba, mwanangu. Wamemwuma mtoto?"

Akanyamaza kidogo, nikasikia anamgeuza mtoto kumtazama. "Hapana," akasema. "Hana hata alama moja."